Yogati yenye Lactobacillus rhamnosus: bakteria wanakufa kabla ya tarehe kuisha, na lebo iseme nini?

MamaYogati_Kasarani

Hamjambo wanajukwaa. Swali hili ni la watu wa maziwa, watu wa maabara na watu wa dawa kwa pamoja, kwa hivyo kila mtu ashike kipande chake.

Kiwanda ni kidogo, lita 200 kwa siku, Kasarani. Maziwa ni ya wafugaji wa Kiambu. Utaratibu wa sasa: yanapashwa hadi nyuzi 85 na kukaa hapo dakika 30, yanapozwa hadi 43, kisha yanatiwa kalcha ya kawaida ya yogati (bakteria wa kugandisha, thermophilus na bulgaricus) pamoja na pakiti ya L. rhamnosus. Baada ya saa nne na nusu hivi pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) imefika 4.5. Yanapozwa, yanatiwa stroberi na kufungwa kwenye vikombe vya mililita 150. Tarehe ya mwisho ni siku 21.

Majibu ya maabara: siku ya kwanza rhamnosus milioni 3 kwa gramu, siku ya 21 elfu 40 kwa gramu.

Kwanza, wanakufa kwa nini? Pili, nikiwapata wa kutosha, naweza kuandika "probiotiki, husaidia tumbo" kwenye kikombe? Tatu, wateja wanaosema maziwa lala ya nyumbani yana bakteria hao hao, wajibiwe vipi?

Fundi_Maziwa_Kabete

Mama, hata hiyo milioni 3 ya siku ya kwanza ni kidogo. Inaonyesha kwamba rhamnosus hakuzaana ndani ya tangi. Kile ulichomwaga ndicho karibu chote ulichopata.

Sababu iko kwenye chakula chake. Rhamnosus wa jamii ya GG (straini, yaani ukoo mmoja maalumu ndani ya spishi) hawezi kutumia laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa, na protini ya maziwa anaivunja kwa shida. Anamtegemea jirani amkatie. Thermophilus anafanya kazi hiyo vizuri: anavunja laktosi na kuacha galaktosi nje, na rhamnosus anaila. Lakini kwenye nyuzi 43, thermophilus na bulgaricus wakiwa pamoja wanakimbia mno. Saa nne na nusu zikiisha pH iko 4.5, na rhamnosus, anayependa 37, ndiyo kwanza ameanza kuamka. Asidi inamkuta hapo hapo.

Fanya hivi. Toa bulgaricus kwenye mchanganyiko, tumia thermophilus na rhamnosus peke yao. Shusha joto la kugandisha hadi 38 au 39. Muda utarefuka hadi saa 7, wakati mwingine 10, na hicho ndicho unachokitaka, maana rhamnosus anapata nafasi ya kuzaana mara kadhaa kabla ya asidi kumbana. Bulgaricus ana kosa la pili: hata kwenye friji haachi kutengeneza asidi, na hutoa pia haidrojeni peroksaidi inayowaumiza wenzake. Yogati inayozidi kuwa kali kila wiki mara nyingi ni kazi yake.

Mchanganyiko huo upo tayari Afrika Mashariki. Wakfu wa Yoba for Life, ulioanzishwa na Waholanzi Remco Kort na Wilbert Sybesma, unatengeneza pakiti ya gramu 1 yenye L. rhamnosus yoba 2012 na Streptococcus thermophilus C106. Hiyo yoba 2012 ni GG yenyewe; hataza yake ilikwisha muda, lakini jina LGG ni alama ya biashara ya mtu, kwa hivyo wakatumia jina lao. C106 amewekwa humo kwa sababu niliyokwisha kuitaja: bila yeye rhamnosus hagandishi maziwa.

Gramu 1 hutengeneza lita 1 ya kalcha mama, na lita 1 ya mama hugandisha lita 100. Kwako wewe:

Jioni, chukua lita 2 za maziwa yaliyopashwa 85 kwa dakika 30, yapoze hadi 40, tia pakiti 2, koroga dakika mbili kwa kijiko kilichochemshwa, funika, weka mahali penye joto hadi asubuhi. Ikishaganda itie kwenye friji. Itumie ndani ya siku mbili tatu.

Siku ya kazi, pasha lita 200 kama kawaida. Sukari itie kabla ya kupasha, asilimia 5 hadi 7, usipite 8, kwa sababu sukari ikizidi inawanyima bakteria maji na mgando unachelewa. Poza hadi 39. Piga lita 2 za mama hadi ziwe laini bila mabonge, mimina, koroga, kisha usiguse tena. Anza kupima pH saa ya sita. Ikifika 4.6 anza kupoza, usingoje 4.5, kwani lita 200 hazipoi kwa dakika moja na pH itaendelea kushuka njiani.

Hapo kwenye kupoza ndipo wengi wanapoharibu. Vikombe vyenye joto vikipangwa kreti juu ya kreti ndani ya friji iliyojaa, vile vya katikati vinakaa na nyuzi 25 usiku kucha. Vunja mgando, pitisha kwenye maji ya barafu hadi 20, fungasha, kisha acha nafasi ya kiganja kati ya kreti mpaka vishuke chini ya 5.

Kuhusu kushuka kutoka milioni 3 hadi elfu 40: rhamnosus ni mgumu. Kwenye nyuzi 4, pH 4.3, wiki tatu hazimpunguzi mara 75. Kwa hivyo ama friji ya muuzaji iko kwenye 10 au 12, ama stroberi yako ina dawa ya kuzuia kuharibika inayomgusa, ama bulgaricus. Gawa fungu moja mara mbili, nusu bila stroberi, yote kwenye friji moja yenye kipimajoto, upime siku ya 1, 10 na 21. Utajua.

Tena, chunguza maziwa yenyewe. Ng'ombe aliyedungwa dawa ya kiwele halafu akakamuliwa kabla ya siku za kusubiri kwisha, maziwa yake yanamzuia thermophilus kwanza, na thermophilus akilala rhamnosus hana wa kumkatia. Kuna wachuuzi pia wanaotia haidrojeni peroksaidi ili maziwa yasichache njiani. Vijiti vya kupima vyote viwili vinauzwa mjini. Ukikosa, chukua mililita 10 za kila mfugaji, zichemshe, zipoze, tia tone la kalcha, weka zote kwenye maji ya nyuzi 42. Chupa isiyoganda wakati wenzake wameganda ina jambo. Laktomita haitakuonyesha hili. Yenyewe inakamata maji tu.

Petri_Juja

Kabla Mama hajabadilisha chochote kwenye tangi, naomba aulize maabara swali moja: mlihesabu kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) gani?

Kama walitumia agari ya MRS ya kawaida, basi hizo namba si za rhamnosus. Bulgaricus naye huota kwenye MRS. Na bulgaricus ndiye anayejulikana kwa kufa kwenye friji. Kwa hivyo inawezekana kabisa kwamba milioni 3 na elfu 40 ni hesabu ya bakteria wawili waliochanganywa, na rhamnosus wako hajulikani yuko wapi. Nimeshaona ripoti nyingi zenye neno "Lactobacillus" tu kwenye safu ya majibu. Ripoti ya namna hiyo haikufai.

Njia ya kuwatenganisha ni antibayotiki iitwayo vankomaisini. Rhamnosus kwa asili haidhuriki na dawa hiyo, wakati thermophilus na bulgaricus inawazuia. Usugu huo uko kwenye ukuta wa seli yake na hauhami kwenda kwa bakteria wengine, kwa hivyo usiwatie watu hofu.

Gramu 10 za yogati ndani ya mililita 90 za maji ya peptoni ya asilimia 0.1, tikisa kwa nguvu dakika mbili. Usifupishe hapa: bakteria hawa hukaa minyororo, na mnyororo wa seli sita usipokatika unatoa koloni moja. Kisha mililita 1 ndani ya 9, tena na tena hadi 10⁻⁷, pipeti mpya kila hatua. Agari ya MRS iwe na vankomaisini miligramu 1 kwa lita. Dawa inachujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kutiwa agari ikiwa imepoa hadi kama 50, si kabla. Pakaza mililita 0.1 kutoka 10⁻⁵, 10⁻⁶ na 10⁻⁷, sahani mbili kila moja. Nyuzi 37, ndani ya mtungi usio na oksijeni, saa 72.

Soma sahani zenye koloni 30 hadi 300 pekee. Ukipata 64 kwenye 10⁻⁶, hesabu ni 64 gawanya kwa 0.1, zidisha kwa 10⁶, yaani milioni 640 kwa gramu.

Na lazima kuwe na sahani ya ushahidi: ile kalcha ya yogati peke yake, bila rhamnosus, kwenye agari hiyo hiyo. Ikiota kitu, dawa ni kidogo au imekufa, na sahani nyingine zote hazina thamani. Mteja ana haki ya kuomba picha ya sahani hiyo.

Sampuli nayo isafiri kwenye barafu. Kikombe kilichozunguka na boda mchana kutwa kutoka Kasarani hadi South C kinapima joto la mkoba wa boda.

MamaYogati_Kasarani

Nimepiga simu. Ni MRS ya kawaida, bila dawa. Asante Petri, pesa imekwenda lakini nimeelewa. Sasa namba gani ndiyo inatosha? Nimesikia milioni 1 kwa gramu.

Petri_Juja

Milioni 1 kwa gramu inatoka kwenye Codex (viwango vya chakula vya kimataifa), kiwango cha 243 cha mwaka 2003 cha maziwa yaliyochachushwa. Kinasema kalcha yote kwa jumla isipungue 10⁷ kwa gramu, na bakteria aliyetajwa kwenye lebo asipungue 10⁶ kwa gramu, hadi siku ya mwisho ya tarehe. Ni sakafu ya kibiashara. Haina uhusiano na kipimo kilichofanya kazi tumboni mwa mtu.

Piga hesabu. Majaribio mengi ya GG yametumia bilioni 10 kwa siku. Yogati yenye milioni 1 kwa gramu ingebidi mtu ale kilo 10 kufikisha hapo. Kikombe chako cha mililita 150 ili kibebe bilioni 10 kinahitaji kama milioni 67 kwa gramu siku ya mwisho, kwa hivyo lenga milioni 200 au zaidi siku ya kwanza. Kwa njia ya Fundi hapo juu, bila bulgaricus na kwenye 39, namba hizo zinafikika.

Jambo dogo la jina ambalo litakusumbua kwenye ukaguzi: Codex hiyo hiyo inasema "yogati" bila nyongeza ni thermophilus pamoja na bulgaricus. Ukimtoa bulgaricus na kuweka Lactobacillus mwingine, bidhaa inaingia kundi la yogati ya kalcha mbadala. Zungumza na KEBS, shirika la viwango la Kenya, kabla ya kuchapisha vikombe elfu kumi.

Mfamasia_Ngara

Nije kwenye swali la pili, lebo, kwa sababu hapa ndipo watu wa maziwa na watu wa dawa hugombana.

FAO na WHO walikutana Córdoba, Argentina, mwaka 2001 na kukubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo vikitolewa kwa kiasi cha kutosha vinampa mtu faida ya kiafya. Sharti ni tatu ndani ya sentensi moja: wawe hai, watoshe, na faida iwe imeonyeshwa. Faida hiyo ni ya straini ile iliyopimwa. Jina la spishi peke yake halitoshi, sembuse neno "bakteria wazuri".

GG ndiyo straini iliyochunguzwa kuliko nyingi. Sherwood Gorbach na Barry Goldin waliitenga miaka ya 1980 huko Boston, na herufi mbili za jina ni za kwao. Walimtafuta bakteria wa binadamu anayestahimili asidi ya tumbo na nyongo, anayeshika ukuta wa utumbo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba GG ana vinyweleo vidogo vinavyonasa kwenye ute wa utumbo. Hata hivyo hafanyi makazi ya kudumu. Mtu akiacha kumla, baada ya muda mfupi haonekani tena kwenye kinyesi. Kwa hivyo kikombe kimoja Jumapili hakina maana yoyote.

Sasa anafaa kwa nini? Ushahidi mzuri uko kwenye kuzuia kuharisha kunakoletwa na antibayotiki kwa watoto. Chama cha Ulaya cha madaktari wa tumbo la watoto, ESPGHAN, mwaka 2016 kilipendekeza GG au chachu iitwayo Saccharomyces boulardii, kuanza pamoja na antibayotiki yenyewe. Acha saa mbili kati ya kidonge na yogati, la sivyo dawa itawaua hao unaowameza.

Lakini mtoto aliyekwisha kuanza kuharisha ni habari nyingine. Mwaka 2018 yalitoka majaribio mawili makubwa siku moja. La Marekani lilikuwa na watoto 971, umri wa miezi 3 hadi miaka 4, wakapewa GG bilioni 10 mara mbili kwa siku kwa siku 5. La Canada lilikuwa na watoto 886 na mchanganyiko mwingine wenye rhamnosus. Yote mawili: hakuna tofauti na plasebo (dawa bandia ya kulinganishia). Mwaka 2020 chama cha Marekani cha madaktari wa mfumo wa chakula, AGA, kikashauri dhidi ya kutumia probiotiki kwa watoto wa huko wenye kuharisha kwa ghafla.

Mama akija dukani na mtoto anayeharisha, anachukua ORS na zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Lebo ya yogati inayomfanya mama huyo achelewe kununua ORS ni lebo ya hatari, hata kama kila bakteria ndani yake yu hai.

Kwa hivyo "hutibu kuhara", "huponya vidonda vya tumbo", "huongeza kinga" zote acha. Andika jina kamili la straini, idadi kwa kikombe hadi tarehe ya mwisho, na "hifadhi chini ya nyuzi 5". "Husaidia tumbo" ni dai la afya, na dai linahitaji kibali pamoja na ushahidi wa straini hiyo kwa kipimo hicho.

Na watu wawili wasiuziwe kama dawa: mtoto njiti, na mgonjwa aliyelazwa ambaye kinga yake imeshuka sana au ana mpira kwenye mshipa mkubwa. Ni nadra, lakini bakteria hawa wameingia kwenye damu ya wagonjwa wa namna hiyo. Mwaka 2023 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu watoto njiti baada ya kifo.

Mzee_wa_Sotet

Haya yote ya Boston ni mazuri. Lakini mursik wetu na kule naoto ya Wamaasai, maziwa ya kuchachua ya kibuyu, vimekuwapo kabla ya pakiti. Mbona mnaongea kana kwamba probiotiki iko kwenye karatasi ya fedha tu?

Petri_Juja

Mzee wangu, hilo limechunguzwa, tena na Mkenya. Julius Mathara wa chuo kikuu cha JKUAT, akishirikiana na watafiti wa Karlsruhe, Ujerumani, alichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa kule naoto. Waliotawala walikuwa Lactobacillus, hasa wa kundi la plantarum, na bakteria wa jamii ya wale wa kinyesi walikuwa wachache sana. Mwaka 2008 akachapisha sehemu ya pili: aliwapitisha bakteria hao kwenye asidi, kwenye nyongo na kwenye seli za utumbo zilizokuzwa maabara. Baadhi walistahimili na kushika vizuri.

Utafiti wa namna hiyo ndio mlango. Ndani ya nyumba bado kuna vyumba. Mpangilio wa kawaida ni huu: pH 2.5 au 3 kwa saa tatu, kisha nyongo ya ng'ombe asilimia 0.3 kwa saa nne, kisha seli za utumbo za maabara, Caco-2 au HT-29. Halafu usalama: agari ya damu ili kuona kama anavunja chembe nyekundu, na orodha ya antibayotiki zinazomzuia. Halafu utambulisho, na hapa wanafunzi huteleza: jeni ya 16S haiwezi kumtenga plantarum na pentosus, zinafanana mno. Tumia jeni ya recA, au soma jenomu nzima ambayo siku hizi haigharimu kama zamani. Jina nalo limebadilika tangu 2020, Lactobacillus iligawanywa kuwa jenasi 25; rhamnosus sasa ni Lacticaseibacillus, plantarum ni Lactiplantibacillus. Ukitafuta makala tafuta kwa majina yote mawili.

Baada ya hapo ndipo watu halisi, kwa kibali cha kamati ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI. Kama bakteria anasafirishwa nje, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, cha rasilimali za kijenetiki na mkataba wa kuhamisha sampuli. Bila mkataba, bakteria wa kibuyu cha Narok anaweza kurudi kwetu akiwa na bei.

Kwa nini nasisitiza straini? Tazama plantarum. Huko Odisha, India, watoto wachanga 4,556 walipewa kwa siku 7 L. plantarum ATCC 202195 pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao, au plasebo. Waliopata maambukizi ya damu au kufa walikuwa asilimia 9.0 upande wa plasebo, na 5.4 upande wa pili. Matokeo hayo yalichapishwa 2017 na ni makubwa kweli. Plantarum wa kule naoto ni spishi hiyo hiyo, lakini hakuna aliyempa mtoto mchanga straini hiyo na kuhesabu. Anaweza kuwa bora, anaweza kuwa si kitu.

Na kibuyu hakirudii fungu. Leo plantarum, kesho chachu nyingi. Mursik kwa upande wake ina mkaa wa mti wa senetwet, na wachunguzi wamekuta kwenye baadhi ya sampuli pombe na asetaldehaidi ya kiasi cha kutia wasiwasi, hasa kwa watu wa maeneo yenye saratani nyingi ya umio. Hiyo ni kazi ya chachu.

Lishe_Kibra

Kidogo tu, kwa Mama na kwa yeyote anayelisha watoto. Utumbo unabadilishwa zaidi na kile unacholishwa kila siku. Mfano wa hapa hapa Kenya: watoto wa miezi 6 waliopewa unga wenye madini ya chuma kwenye uji walionekana kuongezeka bakteria wabaya na uvimbe wa utumbo, makala ilitoka 2015. Utafiti uliofuata, Msambweni, Kwale, uliwachukua watoto 155, na kundi moja likapewa chuma miligramu 5 pamoja na gramu 7.5 za galakto-oligosakaridi. Madhara yale yakapungua sana. Hapo hakuna bakteria aliyetiwa, ni chakula cha bakteria walioko tayari. Yogati yenye sukari asilimia 8 kwa mtoto wa mwaka mmoja si jambo la kujivunia hata ikiwa na bilioni 10. Toeni toleo lisilo na sukari.

MamaYogati_Kasarani

Nimepokea yote. Bado mawili kwa Fundi. Saa 8 kwenye 39 wakati stima inapotea usiku, nitashikaje joto? Na je, naweza kutumia yogati ya jana kama kalcha ya leo ili nipunguze pakiti?

Fundi_Maziwa_Kabete

La pili kwanza: hapana. Thermophilus anazaana haraka kuliko mwenzake, kwa hivyo kila ukirudisha yogati ya jana uwiano unahamia kwake. Yogati itaganda vizuri, ladha nzuri, na rhamnosus amepungua bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Juu ya hapo unarithi chachu na virusi vinavyokula bakteria. Pakiti, mama, tangi. Ngazi tatu, basi. Pakiti zenyewe zikae kwenye friji, si rafuni juu ya jiko.

Joto: usigandishe kwenye tangi moja la lita 200. Gawa kwenye mitungi ya aluminiamu ya lita 50, kila mmoja ndani ya pipa pana la plastiki lenye maji ya nyuzi 41, maji yafike usawa wa maziwa, kifuniko juu, magunia mawili au godoro la sponji kuzunguka. Maziwa mengi hivyo yakizungukwa na maji hupoteza nyuzi chache tu usiku mzima wa Nairobi. Ukikuta yameshuka hadi 36, ongeza maji ya moto kwenye pipa polepole, mbali na ukuta wa mtungi, bila kukoroga maziwa. Yakishuka chini ya 32 mgando utachelewa na chachu zitapata nafasi. Fungu hilo liuze kama maziwa lala na usilipe jina la rhamnosus.

Klorini ya kuoshea mitungi isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa. Mabaki yake yanaua kalcha, na utakuja hapa tena kuuliza kwa nini mtungi wa tatu haugandi.